Anasia na Mkono Mfupi wa Pedeli

Juzi nilipeleka shafti ya pampu yetu ya maji kwa fundi mmoja mjini. Akaifunga kwenye mashine ya kukereza, akawasha, akaimwagia yale maji meupe ya kupozea chuma, na moshi mwembamba ukapanda. Harufu ikanipiga usoni: mafuta, chuma cha moto, na kitu kama maziwa yaliyoanza kuchacha. Fundi alikuwa ananieleza jambo, lakini sikumsikia. Mimi mtu mzima, mama wa watoto, nilisimama pale nimejaa wivu. Ulikuwa wivu wa zamani, wa mtoto wa darasa la tatu, ambao nilidhani ulishakufa kifo chake.

Wenzangu mliokulia Moshi miaka ile mtakumbuka baiskeli zilivyokuwa zinashuka asubuhi kutoka Old Moshi, mikungu ya ndizi imefungwa nyuma, madumu ya maziwa yananing'inia pembeni, breki zinalia mteremko mzima. Zikifika kwetu Rau zilikuwa zinanuka raba iliyoungua. Zilipoharibika, na kifaa kikakosekana madukani, zililetwa kwa mama yangu.

Mama alikuwa mkerezaji. Mtaa mzima ulimwita Mama Fundi, na wageni waliofika mara ya kwanza walichungulia nyuma yake wakimtafuta mume wake. Mashine aliirithi kwa babu, baba yake, aliyekuwa akitengeneza mitambo ya kahawa. Ilikaa kwenye banda la mabati ubavuni mwa nyumba, pamoja na jiliwa ya kubania vyuma, tupa za kila namna, na debe la gololi nililokatazwa kuchezea. Mtu akileta ekseli iliyokatika, Mama hakumwambia nenda ukanunue nyingine. Aliishika, akaipima kwa vidole kwanza ndipo kwa kipimo, kisha akachagua kipande cha chuma na kukaa nacho mpaka kikawa ekseli. Kwa kuwa umeme ulikuwa hauaminiki, babu alikuwa ameiunganisha mashine kwa mkanda na gurudumu kubwa alilolitoa kwenye mashine ya kumenyea kahawa. Umeme ukikatika, mtu mmoja anazungusha gurudumu kwa mkono, mwingine anakereza. Wa kuzungusha nilikuwa mimi. Mama alikuwa hasemi kitu akifanya kazi, nami nilijifunza kuusoma mgongo wake: ukiinama naongeza mwendo, ukinyooka napunguza.

Baba alikuwa mpishi wa watalii mlimani, na msimu ukichanganya tulimwona kwa nadra, akishuka na midomo iliyobabuka na nguo zinazonuka moshi. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa mimi na Mama, na mashine. Mashine nayo niliionea wivu. Yale maji meupe niliamini ni maziwa. Nilimwona Mama akiyakoroga kwenye kopo na kuyamimina juu ya chuma taratibu, na siku ambazo chai yangu ilikuwa ya rangi nilijua sababu: chuma kimenyonya, mimi nimekosa. Siku moja nikachovya kidole nikalamba. Nilitapika, lakini imani yangu haikutikisika. Nikasema kumbe ni maziwa ya chuma, hayamfai mtu.

Basi ndipo akaja Anasia.

Alikuwa msichana aliyemaliza darasa la saba mwaka uliopita, mrefu, na mikono yenye misuli kama ya mvulana. Aliishi kwa shangazi yake huko Old Moshi, na kila asubuhi alishuka na madumu ya maziwa kwenye baiskeli nyeusi aliyoachiwa na marehemu baba yake. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi. Alianguka mtini akiwa mdogo, mfupa ukaunga vibaya. Pedeli ya kushoto ikishuka chini, mguu wake haukuifikia. Alikanyaga kwa mguu mmoja, kiuno kinakwenda huku na huku, na jioni akipandisha mlima baiskeli ilibidi aisukume njia nzima.

Mama alikuwa ananunua kwake maziwa pale langoni. Asubuhi moja, badala ya kupokea dumu, alimtazama akishuka kwenye baiskeli.

"Kiuno hakikuumi wewe?"

"Kinauma, Mama. Nimezoea."

"Mtu hazoei kuumia. Ingia ndani."

Akamkalisha kwenye stuli. Akapiga magoti mbele yake, akamvua kandambili, akauweka ule mguu mapajani pake. Aliupima kwa uzi, tangu nyonga hadi kisigino, akafunga fundo, kisha akapima na mguu wa pili. Alikuwa akiongea naye Kichagga, kwa sauti ndogo, na Anasia anacheka. Mimi Mama alinisemesha Kiswahili siku zote. Kichagga nilichokijua ni salamu na majina ya vyakula. Nilikaa juu ya debe lililopinduliwa, nikamtazama mama yangu ameshika kisigino chenye vumbi cha mtoto wa watu kama mtu anayeshika yai, na maneno nisiyoyaelewa yanapita kati yao. Nikajaribu kukumbuka ni lini aliwahi kunishika mguu. Sikukumbuka.

Kazi ile ilimchukua Mama muda mrefu kuliko ekseli yoyote. Alikata mkono wa pedeli ya kushoto, akatoboa tundu jipya juu zaidi ili pedeli isishuke sana, kisha akaanza kuchonga nyuzi za skrubu ndani ya lile tundu. Pedeli ya kushoto nyuzi zake hukatwa kinyume na za kulia, la sivyo mtu akiendesha inajifungua yenyewe njiani. Mama hakuwa na kifaa cha kukatia kinyume, ikabidi akitengeneze kwanza. Kwa nini asimwambie tu kwamba haiwezekani? Watu wazima wenye pesa zao walisubiri ekseli zao nje ya banda, na yeye amemwinamia msichana wa maziwa.

Siku hizo ndipo nilipoanza kuchechemea.

Nilichechemea nikitoka shule, nikichota maji, nikipita mbele ya mlango wa banda, na nikapita mara nyingi. Hatimaye Mama akaniita.

"Umechomwa na mwiba?"

"Mguu umekuwa mfupi," nikasema.

Akanikalisha kwenye ile ile stuli. Akaushika mguu wangu, akaugeuza juu, akaubonyeza unyayo, akakwangua tope kwa ukucha. Kisha akaniangalia usoni, akauachia.

"Nenda kaoshe vyombo."

Anasia alikuwa amesimama karibu na jiliwa. Nilipopita akaniinamia sikioni, akaninong'oneza kwa Kiswahili safi ili nisikose hata neno: "Mimi ni wa kushoto. Wewe ulikuwa unachechemea wa kulia."

Siku pedeli ilipokamilika alizunguka nayo uwanja wetu, miguu yote miwili ikikanyaga, kiuno kimetulia. Hakupiga kelele wala hakucheka. Aliendelea kuzunguka tu kama aliyesahau namna ya kusimama, na Mama akajifuta macho kwa upindo wa kanga akisema ni moshi. Hapakuwa na moto wowote. Mimi nikashukuru Mungu kwamba sasa kazi imekwisha, ataondoka.

Hakuondoka. Asubuhi alimaliza kugawa maziwa, kisha akaja bandani kulipa fadhila kwa kufagia. Kutoka kufagia akafika kwenye tupa. Siku moja nimerudi shule, umeme umekatika, nasikia mkanda wa mashine unapiga. Nikakimbia na begi langu mgongoni. Anasia alikuwa kwenye gurudumu, mikono yangu ikiwa mitupu.

"Wewe pumzika," Mama akaniambia bila kugeuka. "Nenda kasome."

Kwa mtoto mwingine hilo lingekuwa neno jema. Mimi nililala juu ya mkeka nikauma begi la shule.

Kuanzia hapo nikawa mpelelezi. Nikagundua kwamba Mama ananenepa, nikajua ni maziwa ya Anasia, maana sasa tulikuwa tunaletewa dumu zima. Nikagundua anaimba nyimbo za kanisani akipiga tupa, jambo ambalo hakulifanya kabla. Majirani walipita wakimshika mkono. "Hongera, Mama Fundi," mmoja akasema, "sasa utapata wa kukusaidia." Mama akatabasamu akiangalia chini. Nikaona kumbe mtaa mzima unajua: Anasia anachukua nafasi yangu, na wanampongeza. Baba aliposhuka mlimani, nikawasikia wakiongea jikoni.

"Mashine ya mzee itapata mrithi," Baba alisema.

"Tusubiri tuone mikono yake kwanza," Mama akajibu.

Nikaitazama mikono yangu. Ilikuwa midogo, na kucha nilikuwa nimezitafuna zote.

Ikafika wakati Mama hakuweza tena kusogea karibu na mashine. Alisimama kando, mkono kiunoni, akamwambia Anasia: "Shika wewe." Nilikuwepo. Nilimwona Anasia akifuta viganja kwenye sketi, akakishika kile kishikio kilichong'arishwa na viganja vya babu na vya Mama, na chuma kikaanza kumenyeka kwa utepe mrefu unaojikunja, wa buluu, ukidondoka miguuni pake. Mama akasema, "Eeh. Eeh, hivyo hivyo." Nilijua sauti ile. Ndiyo aliyokuwa akiwatulizia ng'ombe wa jirani, na wagonjwa, na mimi nilipokuwa na surua. Nikatoka nje nikaketi nyuma ya choo mpaka nikaitwa kula, na nilipoitwa sikwenda.

Mchana mmoja Mama alikuwa akinoa kisu cha mashine, akakiweka chini ghafla, akashika jiliwa kwa mikono miwili. Akasema neno moja la Kichagga. Anasia aliruka juu ya baiskeli yake, akatoka langoni akikanyaga miguu yote miwili, na kabla sijajua nifanye nini akarudi, pikapu ya jirani iko nyuma yake. Mama akapandishwa. Nilidhani amepatwa na ugonjwa wa kufa. Akanitazama kupitia dirishani, jasho linamtiririka.

"Msikilize dada yako."

"Sina dada!" nikapaza sauti, lakini pikapu ilikwisha ondoka.

Baba alikuwa juu mlimani na kundi la watalii. Tukabaki wawili. Anasia akapika ndizi, akanipakulia, nikageukia ukuta. Akala zake taratibu, akaosha sufuria. Kisha akaketi mbele yangu.

"Unanichukia?"

Sikutegemea kuulizwa. Nikasema kweli. "Ndiyo."

"Sawa," akasema. "Umeme umekatika, na mzee wa ndizi anakuja kuchukua ekseli yake. Peke yangu siwezi. Njoo uzungushe."

Nilikwenda kwa sababu ya gurudumu. Nililishika kwa hasira, nikalizungusha kama ninayemfukuza mtu. Kisu kikaanza kurukaruka, chuma kikalia kwa sauti ya kukata meno. Anasia akakiondoa kisu, akasubiri. Hakunigombeza.

"Tena," akasema.

Nikazungusha tena, vibaya zaidi. Akakiondoa tena. Mara ya tatu akaacha kisu chake, akaja kusimama upande wangu wa mashine.

"Unajua Mama ananisema kila siku kwa ajili ya gurudumu hili? Mimi navuta kwa kishindo, nakwenda kama ninavyotembea. Anasema, binti yangu anazungusha kama maji ya mfereji, hayakimbii wala hayasimami. Nimechoka kusikia habari zako."

"Hajasema hivyo."

"Amesema."

"Mbona mimi hajaniambia?"

"Basi muulize mwenyewe akirudi. Mimi si mama yako." Akarudi kwenye kisu. Mgongo wake ukainama kidogo, nami, bila kuamua, nikaongeza mwendo.

Tuliimaliza ekseli ile. Mzee wa ndizi alipokuja aliizungusha vidoleni, akauliza kama Mama Fundi amekwisha rudi. Anasia akanitazama, mimi nikamtazama yeye. "Bado," nikasema mimi. "Tumeitengeneza sisi."

Mama alirudi na kifurushi kwenye blanketi la manjano. Akina mama wa jumuiya wakajaa nyumbani na sufuria za mtori wa ndizi, wakipiga vigelegele. "Mrithi wa mashine!" wakasema, wakiifungua ile mikono midogo na kuihesabu vidole. Hapo ndipo kila kitu kilipojipanga upya kichwani mwangu: tumbo, nyimbo, hongera, maneno ya Baba jikoni. Miezi yote ile nililinda mlango wa mbele, na mgeni akaingilia wa nyuma. Nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti cha chumba, sina mahali pa kupita kwa wingi wa magauni ya wanawake. Nikageuka nikamkuta Anasia ubavuni pangu, naye amekosa nafasi, ananyoosha shingo.

"Mbaya," nikamwambia, juu ya yule mtoto.

Akamchunguza kwa makini. "Kama kiazi," akasema.

Nadhani urafiki wetu ulianzia hapo.

Mama alikaa ndani kwa uzazi, kama ilivyo desturi, ananyweshwa mtori na kukatazwa kazi. Sisi tulibaki na banda. Nilitoka shule nikikimbia. Mama alikuwa anatusikiliza kupitia dirishani huku akinyonyesha, na kisu kikikosea alijua kwa mlio tu. "Kisogezeni nyuma!" angepaza sauti, na mtoto angeshtuka na kulia, nasi tungecheka mpaka tukaacha kazi. Sikuwahi kumuuliza juu ya maji ya mfereji. Niliogopa Anasia alitunga, na sikutaka kuambiwa hivyo.

Wivu wangu haukufa. Uligeuka upande tu. Wasichana wa mtaani walipoanza kuja kumwona Anasia akikereza, niliwafukuza kwa kisingizio cha cheche. Vijana wa baiskeli waliomtania niliwawekea vipande vyao vya chuma mlangoni ili wasiingie ndani. Kichagga alianza kunifundisha yeye, sentensi moja baada ya nyingine, nami sikutaka mtu mwingine amsikie akinifundisha.

Ndipo siku moja shangazi yake akateremka kutoka Old Moshi. Alikuwa mama mkavu, aliyevaa koti la sufu juani. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kutuangalia, akaingia moja kwa moja chumbani kwa Mama. Tulisikia kila neno. Amepata kazi nzuri ya dukani kwa ajili ya binti yake, ng'ambo ya mpaka wa Holili, kwa watu wema. Wanataka mtu wiki hii. Amekuja kumchukua.

"Umemuuliza mwenyewe?" sauti ya Mama ikauliza.

"Mtoto anaulizwa?"

Anasia alikuwa ameanza kufuta mashine kwa kitambaa, kila kona, kama mtu anayefunga sanduku la safari. Hakulia. Ningeona machozi pengine ningeweza kuvumilia, lakini alikuwa anafuta tu. Na lile ndilo jambo nililoliombea nikiwa juu ya mkeka na begi la shule mdomoni: mtu aje amchukue.

Nikaingia chumbani. Hakuna aliyeniita.

"Hawezi kwenda," nikasema.

Shangazi akageuka. "Ati nini?"

"Kuna mikono ya pedeli haijaisha. Na habu ya gurudumu la mzee wa ndizi. Na mimi siwezi kukereza, mimi nazungusha tu. Akiondoka yeye hakuna kitu."

"Na wewe ni nani hapa?"

Nilimwangalia Mama, nikidhani atanikemea. Alikuwa amemlaza mtoto begani, ananitazama kama alivyokuwa anatazama chuma kabla ya kukikata.

"Mimi ni mdogo wake," nikasema. Kisha, nisijue la kuongeza, nikalisema tena kwa Kichagga, nadhani vibaya, maana shangazi alikunja uso, halafu mdomo wake ukamshinda, akacheka.

"Nani amekufundisha kusema hivyo?"

"Yeye."

Shangazi akashusha pumzi, akafungua vifungo vya lile koti. Walizungumza na Mama mpaka jua likapinda, sasa kwa sauti ya watu wanaonywa chai. Alipotoka alimkuta Anasia bado anafuta. "Acha kuichubua mashine ya watu," akamwambia. "Utakuwa unanijia Jumapili." Akapanda mlima peke yake.

Anasia alikaa nasi miaka mingi. Alinifundisha kukereza, na mikono yangu ilikuwa ya wastani, wala haikunisikitisha. Yule kiazi alikua, akachagua udereva. Mimi nilikwenda shule ya bweni, na kila likizo nilikuta mkerezaji ni Anasia, Mama ameketi kwenye stuli anamwelekeza kwa mlio.

Kisha akatokea mwanamume wa Himo, fundi wa kuchomelea, mpole, mwenye meno mazuri. Alileta foki ya baiskeli itengenezwe, akaja kuiulizia, akaja kuiulizia tena ilipokuwa imekwisha kuchukuliwa. Sikumpenda hata kidogo. Siku ya harusi nilikuwa msichana mkubwa, nimeshonewa gauni, nimesukwa nywele, na pilau lilipoletwa nilikwenda nalo nyuma ya turubai na kukaa peke yangu kwenye benchi, sahani mapajani, sikulila. Kutoka pale nilimwona Anasia amekaa mezani mbele, anacheka na mumewe, ameegemea upande wa kushoto kama alivyoegemea siku zote.

Mama alinikuta. Alisimama akiniangalia, mikono imekunjwa.

"Sasa leo unamwonea nani wivu? Bwana harusi?"

"Wote," nikasema.

Nilidhani atanituma nikaoshe vyombo. Badala yake akautazama ule umati uliokuwa unampiga picha Anasia.

"Hata mimi," akasema. "Sogea hapo nikae."